Eti mageuzi yaliwapa wanawake kazi za wanaume? Jibu kwa dada wa Tabata

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia meseji ndefu, naifupisha. Marehemu baba yake alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo, akapunguzwa miaka ya tisini wakati viwanda vinabinafsishwa, mama yake akaingia kwenye vitumbua na hivyo vitumbua ndo vimewasomesha watoto wote wanne. Baba mpaka anafariki alikuwa na msemo wake, "hayo mageuzi yenu yalichukua kazi za wanaume yakawapa wanawake". Sasa yeye mwenyewe ni mhasibu kwenye kampuni moja mjini, juzi juzi kaona kwa bahati mbaya salari slipu ya kaka mmoja aliyeajiriwa baada yake, cheo kilekile, kazi ileile, anamzidi laki mbili na nusu. Anauliza, baba alikuwa sahihi? Na kama ni kweli wanawake ndo tulipewa, mbona mimi nalipwa pungufu?

Mdogo wangu, yote mawili yanafungwa na neno moja ambalo watu wanapita nalo haraka, ajira. Kiswahili chetu kinatenganisha kazi na ajira, na hapo ndo uchawi wote ulipo. Mageuzi, yaani yale ya uchumi ya kuanzia 1986, kufungua biashara na kubinafsisha, yaliongeza kazi kwa wanawake, tena nyingi mno. Ajira ni habari nyingine kabisa.

Ngoja nikupe kisa. Miaka ya tisini nikiwa bado mwanafunzi nilipata kibarua cha udadisi, tunazunguka na madodoso nyumba kwa nyumba Manzese. Nikafika kwa mama mmoja kakaa uwani, karai la mafuta pembeni linapoa, beseni la kufunikia limejaa maganda ya nazi, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Namuuliza, mama unafanya kazi? Ananijibu, "sina kazi baba, niko tu nyumbani". Mi kijana mtiifu nikaandika mama wa nyumbani, nikasonga mbele. Jioni msimamizi akanirudishia lile dodoso kwa hasira, akaniambia rudi ukamuulize kama wiki iliyopita alifanya chochote cha kumpatia hela, hata kwa saa moja, manake kitaalamu hicho ndo kipimo, saa moja tu kwenye wiki unahesabika umefanya kazi. Kesho yake nikarudi nikauliza hivyo. Akacheka sana. "Kumbe unauliza hivyo? Kodi ya hiki chumba unadhani inatoka wapi?" Kila siku anaamka saa tisa usiku, kwenye saa nne asubuhi kashamaliza kuuza, mchana anaenda kusaga mchele wa kesho na kutafuta mkaa, na mume wake mlinzi anayelala mchana kutwa ndo aliyejiita mfanyakazi. Mpaka leo ukimuuliza mama wa namna ile atakuambia "sina kazi, najishughulisha tu". Kwa hiyo takwimu za zamani zikikuambia wanawake wa mjini wengi walikuwa hawana kazi, zitazame kwa jicho la pembeni, inategemea mdadisi aliulizaje na alikuwa na haraka kiasi gani (mi nilikuwa na haraka).

Turudi kwa baba. Alichokuwa nacho yeye kilikuwa ajira hasa, yaani jina kwenye orodha ya mishahara, likizo, matibabu, kiinua mgongo. Na hiyo ajira ilikuwa ya wanaume tangu zamani, hata haikuanza na Nyerere. Mkoloni alipotaka watu wa mkonge kule Tanga alisomba wanaume, manamba, anampa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, afanye kazi mpaka kijae, mke kabaki kijijini na jembe analisha watoto, ndo maana mshahara ulipangwa mdogo, wa kumtosha mtu mmoja asiye na familia. Uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja 1967, mashirika ya umma yakaota mpaka yakapita 400, lakini ule mchoro haukubadilika sana. Mwanamke aliingia kwa milango michache, ualimu, unesi, ukarani, kupiga taipu, na baadhi ya viwanda. Tuwe wakweli pia, kwa aliyefanikiwa kuingia serikali ilimlinda, likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo ililetwa miaka ya sabini, mpaka kwa ambaye hajaolewa, na kwa wakati ule kuna nchi nyingi hazikuwa na kitu kama hicho. Ila alindwe nani, wakati wenzake wengi wako nje ya geti?

Sasa hapa ndo baba alipochanganya mambo, na simlaumu. Yeye anakumbuka siku aliyopewa barua. Lakini ajira yake ilikufa kabla ya barua. Kuanzia mwisho wa miaka ya sabini, vita ya Kagera, mafuta kupanda bei duniani, fedha za kigeni hamna, viwanda vinakosa vipuri, na wewe una mshahara mfukoni ila sabuni hamna dukani. Muulize mama kuhusu foleni za sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Halafu 1986 tukasaini na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikaanza kushushwa, mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa kama shilingi 17, ilipofika 1995 ilishapita 500. Mshahara haukukimbia hivyo hata kidogo. Mtu wa kiwandani akawa analipwa hela ambayo tarehe saba imeshakwisha, na mwezi una siku thelathini, sasa hizo siku nyingine familia ilikula nini?

Ilikula mradi wa mama. Ndo jina lenyewe la wakati ule, mradi. Maandazi, barafu za juisi, mkaa wa mafungu, ushonaji, kuku wa banda la uani, kwa wafanyakazi wa ofisini hata ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba ya serikali. Na serikali ilikuwa haijakubali, manake 1983 kulikuwa na ile sheria ya Nguvu Kazi, watu mijini wanasombwa wakalime, muuza maandazi wa mtaani anahesabiwa mzururaji. Mzee Mwinyi alipoanza kusema ruksa alikuwa kwa sehemu kubwa anahalalisha kitu ambacho wanawake walishakifanya miaka kadhaa kwa kujificha. Viongozi nao, ambao Azimio la Arusha liliwakataza biashara, wakaja kuruhusiwa 1991 kwa Azimio la Zanzibar, na wengi wao wake zao walishazianza hizo biashara zamani. Kwa hiyo nakuwekea dau, muulize mama vizuri, vitumbua vilianza baada ya baba kupunguzwa, au vilikuwepo kidogo kidogo tangu mapema ila hakuna aliyeviita kazi mpaka barua ilipokuja?

Upunguzaji wenyewe ulikuja kwa mafungu. Serikalini kwenye miaka ya tisini waliondolewa kama watu 50,000, na kwenye mashirika ikaundwa tume ya kuyarekebisha na kuyauza. Watu husema wanaume ndo walioumia kwa sababu ndo walikuwa wengi, na kwa idadi ni kweli. Lakini angalia walioanza kukatwa ni wa madaraja ya chini, mataipisti, matarishi, wafagizi, walioingia mwisho, wasio na cheti, na kwenye hizo kada wanawake walijaa kuliko kwenye umeneja ambako walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Taipisti alipata pigo mara mbili, kapunguzwa leo, na kesho kompyuta imeingia kila ofisa anajitaipia mwenyewe, ujuzi wake wa miaka kumi na tano ukawa hauna soko. Kuna jambo lingine dogo ambalo nimeliona kwa macho. Mwanaume akipata kiinua mgongo anakuwa na mtaji mkononi, hata kama kesho yake kanunua daladala bovu likamfia njiani. Mwanamke alianza na kibati cha upatu au na pesa ya mboga aliyoibana wiki tatu. Mbio zimeanza, mmoja kavaa viatu mwingine yuko peku.

Na kama baba angekuwa Mtwara badala ya Dar asingesema vile kabisa. Kule kiwanda cha korosho ndo kilikuwa sehemu mwanamke anapata mshahara wa mwezi, wabanguaji kwa sehemu kubwa wanawake. Miaka ya sabini korosho yetu ilifika tani 145,000 kwa msimu, viwanda vikajengwa vikubwa kwa mikopo, halafu uzalishaji ukaporomoka mpaka kwenye miaka ya themanini katikati tukawa chini ya tani 20,000, watu walishahamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima mbovu, ugonjwa wa majani juu yake. Kwa hiyo viwanda vilikufa njaa, hilo si kosa la mageuzi. Lakini biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini na mikorosho ikafufuka, korosho ikapandishwa melini ghafi kwenda India, ikabanguliwe na wanawake wa Kerala. Ajira ya mwanamke wa Kusini iliendea mwanamke mwenzake ng'ambo ya bahari, mwanaume hakuhusika hata kidogo. Huu ni mfano ninaoupenda kuwatupia watu wanaofikiri hili suala ni ligi kati ya wanaume na wanawake.

Upande wa pili kuna kazi ambazo mageuzi yalizileta mpya kabisa. Mwani wa Zanzibar ndo mfano wangu mkubwa. Karafuu ilianguka bei, visiwa vikafungua milango, na kuanzia 1989 hivi pale Paje na Jambiani wakaanza kulima mwani kwa ajili ya kampuni za nje, unakaushwa unasafirishwa, unatolewa kile kitu cha kutia uzito kwenye vyakula na dawa za meno. Wanaume walijaribu mwanzoni, walipoona malipo wakarudi kwenye uvuvi na kwenye utalii, mwani ukabaki wa wanawake na ni hivyo mpaka leo. Ukienda kipindi cha bamvua maji yakitoka mbali unawaona wameinama, kanga imefungwa juu ya suruali, wanafunga vipando kwenye kamba kimoja kimoja, kamba inashikwa na vijiti viwili, mmoja ana kamba mia, mwingine mia mbili, mgongo unauma na chumvi inakula vidole. Mwani mbichi kilo saba nane ndo unapata kilo moja mkavu, na bei ya kilo anapanga mnunuzi. Watu wengi wameandika kwa dharau kuhusu hiyo kazi, mi siidharau, nimekutana na mama wa Jambiani kaniambia nyumba hii ya tofali ni ya mwani, kitanda cha mwani, na mume wangu akinikera najua pa kwenda. Ila tazama ilivyo, hana mkataba, hana likizo, akiumia ni juu yake, na maji ya bahari yalipoanza kuwa ya moto ule mwani wa bei nzuri ukawa unakufa sehemu za kina kifupi, unataka kina kirefu, na kina kirefu kinataka ngalawa na kuogelea, vitu ambavyo wanaume wa pwani walifundishwa utotoni na dada zao hawakufundishwa. Hapo tofauti ya kijinsia imejengwa na nani, na IMF au na sisi?

Kwingine ajira mpya zilivaa suruali tangu mwanzo. Migodi mikubwa ilipokuja Geita na Bulyanhulu kwenye mwaka 2000 na 2001, wenye mishahara mikubwa wengi wanaume, wanawake nje ya uzio wanauza chakula. Pikipiki zilipofurika, bodaboda ikawapokea vijana wa kiume kwa malaki, msichana akiendesha anapigwa picha anawekwa mtandaoni kama maajabu. Vibanda vya kutuma pesa vilipoenea baada ya 2008 mabinti wakakaa dirishani, lakini uliza mtaji wa kibanda ni wa nani. Na mama lishe wanaongezeka mtaa mmoja mpaka wanauziana wenyewe kwa wenyewe, faida inashuka, anakopa, na mikopo yenyewe tunaijua jina lake, kausha damu. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, ikasimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarudi mwaka uliofuata. Ni msaada, sipingi, ila mkopo wa kikundi kwa watu kumi wote wanaouza kitu kilekile kona moja una kikomo chake.

Ndo maana ukitazama takwimu za leo unachanganyikiwa. Wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi au wanaoitafuta ni karibu wanane kati ya kumi, kuna nchi tajiri hazifiki hapo. Mtu wa nje akiona anasema hongera kwa usawa. Halafu unafungua kurasa za ndani unakuta wengi wako shambani na kwenye shughuli ndogo, ajira ya mshahara iko zaidi kwa wanaume, ukosefu wa ajira uko juu kwa wanawake kuliko wanaume, na kazi za nyumbani zisizolipwa mwanamke anatumia muda kama mara tatu ya mwanaume. Hizo saa ndo zinazoamua. Zile saa mwenzako wa ofisini anazokaa jioni na bosi wakizungumza habari za mradi mpya na safari yenye posho, wewe uko kwenye daladala unawahi mtoto. Na hapa niwe mkali kidogo, samahani, mtoto wako mchana anakaa na nani? Kama ni dada wa kazi, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kiwango cha chini cha dada anayeishi ndani kwenye familia za kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi. Ajira yako imesimama juu ya ajira ya binti mwingine, na yeye hakuna wa kumuonyesha salari slipu.

Sasa suala lako, na hapa sina mzaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwenye sera na taratibu za kazi, malipo yakiwemo, kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengine mengi, tena inamtaka mwajiri achukue hatua mwanamke na mwanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kizuri zaidi, ukishaweka ushahidi wa mwanzo unaoonyesha ubaguzi upo, mzigo unamhamia mwajiri, yeye ndo athibitishe kwamba haukuwepo au kwamba tofauti ina sababu halali. Sababu halali zipo, usijidanganye, huenda yule kaka ana CPA, ile ya uhasibu, na wewe bado, au alikuja na uzoefu wa miaka sita, au aliingia na mshahara wa alikotoka akabishana kwenye intaviu na wewe ulipoulizwa unataka kiasi gani ukasema "chochote mtakachoona kinafaa". Hilo la mwisho nimelisikia kwa wanawake wengi sana, na kwa maoni yangu haliwi sababu ya kukulipa pungufu miaka yote, ila mwajiri atalitumia.

Kuna jingine ambalo afisa utumishi hatakuambia usoni. Sheria hiyohiyo inampa mama siku 84 za uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba inampa siku 3. Mi naunga mkono kila siku ya zile 84. Lakini mwajiri anayepiga hesabu zake anaona binti wa miaka 27 mbele yake anaona miezi mitatu, anamuona kijana anaona siku tatu, halafu anaandika mishahara miwili tofauti na anajiambia ni biashara tu. Mpaka siku za baba ziongezwe kwa maana, hiyo hesabu haitatoka kichwani mwake.

Cha kufanya, usianze kwa kugombana na usimtaje yule kaka, hana kosa na pengine hajui. Kusanya vya kwako kwanza, mkataba, maelezo ya majukumu ya kazi, barua za tathmini, barua za kuongezewa kazi, kama upo ulinganifu wa madaraja ya mishahara ofisini uutafute kwa njia halali. Andika barua ya heshima kuomba mshahara wako upitiwe, taja majukumu na kiwango unachoona kinastahili, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi wahusishe mapema. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba moja, huhitaji wakili kuanza, wanaanza na usuluhishi.

Ila kuna saa inatembea. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine kama huu wako siku 60 tangu ulipozuka, ukichelewa utaomba kusamehewa na utatakiwa kueleza sababu za maana, na "nilikuwa naogopa bosi" kwa kawaida hawaipokei. Kwa hiyo leo hiihii kabla hujalala andika mahali tarehe uliyoiona ile slipu, na ukipata nafasi nijibu la mama, vitumbua vilianza mwaka gani.